MOTOKAA ZA MATAJIRI NA MASHUA ZA MASHINDANO
Kwa nini injini yenye nguvu nyingi haidumu majini

Mtu apitaye kando ya mto Tana karibu na mji wa Garissa wakati wa kiangazi husikia sauti za injini za pampu kabla hajayaona mashamba yenyewe. Injini hizo ni ndogo, nazo huvuta maji saa nyingi kwa siku, na migomba, mipapai na matikitimaji ya wenyeji hutegemea kazi yake. Mbali na mto, upande wa Dadaab na Wajir, ziko injini nyingine zinazopandisha maji kutoka visima virefu kwa ajili ya watu, ngamia na mbuzi. Injini ya kisima ikisimama katika siku za ukame, wenye mifugo hulazimika kuhama, na si wanyama wote wafikao kisima cha pili.

Injini kama hizo hazina fahari yo yote. Lakini atakaye kufahamu habari za injini mashuhuri zilizotiwa katika motokaa za matajiri na mashua za mashindano yafaa azikumbuke, maana taabu yao ni moja: zote hutakiwa kutoa nguvu bila kupumzika.

Katika miaka ya 1920 na 1930 palikuwa na viwanda vichache vilivyotengeneza motokaa za watu wenye fedha nyingi mno. Uingereza kilikuwako kiwanda cha Rolls-Royce, Marekani cha Packard, na huko Milan, Italia, kiwanda cha Isotta Fraschini, kilichoanzishwa mwaka 1900 na Cesare Isotta pamoja na ndugu wa ukoo wa Fraschini. Mwaka 1919 kiwanda hicho kilitoa motokaa yake iliyoitwa Tipo 8, yenye silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, nayo ndiyo motokaa ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa watu wote. Aliyeinunua alipewa fremu, magurudumu na injini tu. Ilimpasa kwenda kwa fundi mwingine kutengenezewa mwili wa gari, viti na mapambo, kama vile mtu anunuavyo kitambaa dukani kisha akaenda kwa mshoni.

Viwanda hivyo vitatu vilijua siri moja. Fundi awezaye kutengeneza injini nyepesi, tulivu na yenye nguvu kwa ajili ya tajiri aweza pia kutengeneza injini ya eropleni, na injini ya eropleni, kwa kuwa ni nyepesi kwa kadiri ya nguvu zake, yafaa sana mashua ya mbio. Kwa hiyo jina lile lile lililong’aa mbele ya motokaa ya bwana mkubwa lilionekana pia katika mashua ziwani. Mwaka 1932 Mwamerika Gar Wood alitia injini nne za Packard katika mashua yake Miss America X, akapita mwendo wa kilomita 200 kwa saa majini. Injini hizo nne kwa pamoja zilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 6,400.

Habari za Isotta Fraschini zina jambo linalotugusa sisi wa upande huu. Mwaka 1938 Mwitalia Theo Rossi, wa jamaa ya watengenezaji wa mvinyo maarufu, alipeleka mashua yake huko Detroit, Marekani, kushindania Kikombe cha Dhahabu, ambacho Wamerika walikuwa wakikishindania tangu mwaka 1904. Mashua ilikuwa na injini ya Isotta Fraschini, nayo ikashinda. Jina lake lilikuwa Alagi. Amba Alagi ni mlima wa kaskazini mwa Ethiopia, nchi ambayo Waitalia walikuwa wameiteka mwaka 1936.

Haikupita miaka mitatu jina hilo likasikika tena. Mapema mwaka 1941 jeshi lililokusanyika sehemu za Garissa na Bura lilivuka mpaka kuingia Somalia ya Waitalia. Ndani yake walikuwamo askari wa King’s African Rifles kutoka Afrika ya Mashariki, askari wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na wa Afrika ya Kusini. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Baadhi ya askari hao, wale wa Afrika ya Kusini, waliendelea kaskazini mpaka Amba Alagi, na hapo mwezi wa Mei 1941 Mtawala wa Kiitalia, Duke wa Aosta, akajitoa pamoja na jeshi lake. Aliletwa Kenya kuwa mfungwa, akafariki Nairobi mwezi wa Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri hata leo.

Tena jeshi lile halikwenda kwa injini za kifahari. Magari ya deraya ya Afrika ya Kusini yalikuwa na injini za Ford za silinda nane, zile zile zilizotiwa katika motokaa za watu wa kawaida, zenye nguvu za farasi zisizofika 100. Hizo zilipita mchanga, vumbi na matope kwa maili zaidi ya elfu. Fundi yo yote wa lori aliweza kuzifungua na kuzifunga chini ya mti. Ukiniuliza ni injini ipi iliyostahili kikombe katika miaka hiyo, jibu langu si Alagi.

Sasa tueleze kwa nini kazi ya majini ni ngumu kwa injini ya motokaa. Gari lipitalo barabara ya tambarare kutoka Garissa kwenda Mwingi halitumii nguvu zake zote. Hutumia sehemu tu, na zilizobaki huwekwa akiba kwa ajili ya kilima. Likiisha kupanda hushuka, na katika kushuka injini hupumzika. Majini hakuna mteremko. Mashua iendayo mbio husukuma maji tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho, na nahodha akipunguza moto kidogo tu, chombo huzama tena katika maji na mwendo hupotea mara moja. Kwa hiyo injini ya mashua ya mbio hufanya kazi kama gari lipandalo kilima kisichokuwa na kilele.

Iko tena sheria moja ya rafadha ambayo watu wengi hawaijui. Mtu akitaka rafadha ile ile izunguke mara mbili ya ilivyokuwa ikizunguka, haitoshi kuongeza nguvu mara mbili. Sharti nguvu ziwe kama mara nane. Injini iliyotumia nguvu za farasi 10 itahitaji 80. Ndiyo maana wenye mashua za mashindano waliacha injini za motokaa wakatafuta za eropleni, na walipoona moja haitoshi wakatia mbili, kisha nne. Walibadili pia umbo la mashua, wakaifanya bapa chini ili iinuke na kuteleza juu ya maji kama jiwe bapa ambalo watoto hulirusha mtoni likarukaruka.

Mkulima wa Garissa asidhani kwamba sheria hiyo haimhusu. Pampu zilizo nyingi kando ya Tana zina gurudumu lizungukalo ndani na kuyatupa maji nje, nazo hufuata karibu sheria ile ile. Akiongeza mzunguko wa injini kwa robo tu ili shamba lijae upesi, injini hutakiwa kutoa nguvu karibu mara mbili ya zile za kwanza. Maji huongezeka kama robo, lakini mafuta yatakayoliwa huongezeka mno kuliko hivyo, na joto la injini pia. Heri kuiacha izunguke kwa kiasi chake na kungoja saa moja zaidi.

Joto ndilo adui wa pili. Motokaa hupozwa na maji yaliyomo katika rejeta, yakipigwa na upepo wa safari. Mashua ya mbio hunywa maji ya ziwa yenyewe na kuyatema nje, jambo ambalo ni rahisi ikiwa maji ni safi kama yale ya maziwa ya Italia. Baharini chumvi hula chuma. Katika mto kama Tana, ambao wakati wa mafuriko huwa mwekundu kwa udongo, tope huingia katika njia nyembamba za maji ndani ya injini na kuziziba, na injini huungua huku mwenyewe ameketi juu ya maji yasiyokwisha. Ndiyo sababu injini za pampu za mtoni zilizo nyingi hupozwa kwa hewa, au kwa rejeta yenye maji safi yake mbali na yale yanayovutwa.

Mambo hayo hayakuwa ya michezo tu. Kabla ya vita kiwanda cha Vosper cha Uingereza kiliunda mashua za kivita za kurusha topido, na injini zake zilinunuliwa kwa Isotta Fraschini, kwa sababu Uingereza haikuwa na injini nyingine ya petroli ya ukubwa ule iliyo tayari kwa kazi ya baharini. Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Wajerumani, na siku hiyo mlango wa duka ukafungwa. Mashua zilizokuwa bado viwandani zilitiwa injini nyingine za Marekani zenye nguvu haba. Chombo kilichokusudiwa kwenda zaidi ya kilomita 65 kwa saa hakikuweza kufika hata 55, na kwa mashua ya mbao inayomkaribia adui mwenye mizinga mikubwa, kilomita hizo kumi zilikuwa ni roho za mabaharia wake. Baadaye zilipatikana injini za Packard, ndugu wa zile za Gar Wood, na mwendo ukarudi.

Baada ya vita mchezo ulianza tena. Mwitalia Achille Castoldi alitwaa injini ya Ferrari ya silinda 12, iliyoundwa kwa motokaa za mashindano, akaitia katika mashua yake Arno XI. Alitumia spiriti ya methanoli badala ya petroli, akafunga pampu mbili za kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Tarehe 15 Oktoba 1953, katika ziwa Iseo, alikwenda kilomita 241 na zaidi kwa saa. Injini ya namna hiyo haikutazamiwa kuishi. Ilitakiwa idumu dakika chache za kupimwa mwendo, kisha ifunguliwe na kuangaliwa kila kipande. Mashua yenyewe ingaliko; mwaka 2012 iliuzwa kwa mnada huko Monaco.

Hapa pana onyo kwa wenye mashua za petroli huko Lamu na katika mdomo wa Tana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari hutoka chini na kupotea, lakini katika mashua hushuka mpaka ngama, pale chini kabisa, ukakaa humo pasipo kuonekana. Cheche moja ya waya au ya sigara yatosha kuupasua mwili wa chombo. Kama injini imo ndani ya mashua na harufu ya petroli inasikika, kwanza vifungueni vifuniko vyote, hewa ipite vizuri, ndipo mwashe. Hatari hiyo ni sababu mojawapo iliyovifanya vyombo vya kazi kugeukia dizeli, ambayo mvuke wake hauwaki upesi hivyo.

Kiwanda cha Packard kilitoa motokaa yake ya mwisho mwaka 1958. Isotta Fraschini nacho kilikuwa kimekwisha kuacha motokaa za matajiri, lakini jina lake halikupotea. Siku hizi liko juu ya injini za dizeli, nzito, za kuendesha meli na kuzalisha umeme, zilizoundwa kufanya kazi mchana na usiku.