Hesabu iliyo nyuma ya vidonge 24 vya malaria

AL, mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ndiyo dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali nchini Kenya tangu sera ya matibabu ilipobadilishwa mwaka 2004. Klorokwini ilikuwa imeshindwa, na dawa ya SP iliyochukua nafasi yake mwaka 1998 ilikuwa ikishindwa pia. Dozi kamili ya mtu mzima ni vidonge 24, vinavyomezwa vinne vinne mara sita katika siku tatu.

Mkazi wa Waithaka, jijini Nairobi, anayeugua malaria kwa kawaida ametoka safarini. Mtaa huo uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko hukinyima kimelea nafasi ya kukomaa ndani ya mbu. Ugonjwa huletwa na waliokwenda Busia, Siaya, Kisumu au Kwale, na homa huanza wiki moja, mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa Ziwa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye homa jijini Nairobi ni alikosafiri, na jibu lolote lifuatwe na kipimo cha damu.

Hapo ndipo walaghai huvuna. Katika kliniki za vichochoroni kuna ugonjwa usiokosekana, "malaria na taifodi", unaotangazwa baada ya kipimo cha Widal na kufuatiwa na mfuko wa dawa. Widal huonyesha kingamwili, nazo zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine kabisa. Mwenye nimonia akiondoka hapo na AL mkononi, ameuziwa dawa safi kwa ugonjwa asio nao.

Kwa mwenye malaria kweli, dawa hii hufanya kazi kwa njia ya kustaajabisha. Kimelea ndani ya chembe nyekundu hula himoglobini, na mlo huo huacha hemu, kitu chenye madini ya chuma ambacho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kisife, kimelea huigeuza hemu kuwa fuwele zisizodhuru. Lumefantrini huvuruga kazi hiyo, sumu ikabaki palepale. Artemetha ina daraja la atomi mbili za oksijeni ambalo huvunjika likikutana na chuma cha hemu, na kutoa chembechembe kali zinazoharibu protini za kimelea kila upande. Kimelea kinachokula sana ndicho kinachoumia sana.

Siku tatu nazo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kimelea cha malaria kiitwacho falciparum huzaliana kila baada ya saa 48, na dawa za jamii ya artemisinini, kama artemetha, hupunguza idadi yake takriban mara 10,000 katika kila mzunguko. Mgonjwa mwenye vimelea bilioni 100 hubaki na milioni 10 baada ya mzunguko wa kwanza, na 1,000 baada ya wa pili. Siku tatu za dawa hugusa mizunguko hiyo miwili. Nusu ya artemetha huondoka mwilini kwa saa mbili hivi. Nusu ya lumefantrini huchukua siku kadhaa kuondoka, na ndiyo inayomaliza vimelea hivyo 1,000. Homa hushuka vimelea vikiwa bado mamilioni. Anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa "amepata nafuu" huviachia vimelea hivyo nafasi ya kuzaliana upya, huku mabaki hafifu ya lumefantrini yakichuja na kubakiza vile sugu. Tayari Rwanda na Uganda zimeripoti vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayopunguza makali ya artemisinini.

Lumefantrini ina udhaifu mmoja: haiyeyuki katika maji. Bila mafuta tumboni, sehemu kubwa hupita na kutoka na choo. Watu wenye afya waliopewa dawa hii pamoja na mlo wenye mafuta mengi walifyonza lumefantrini takriban mara 16 zaidi ya waliokuwa na njaa. Mafuta yanayohitajika ni kidogo. Kikombe cha chai ya maziwa, uji wenye maziwa au kipande cha parachichi na githeri vinatosha. Chai ya rangi haitoshi. Imani kwamba maziwa "huua nguvu ya dawa" humdhuru mgonjwa moja kwa moja.

Uongo mwingine hauishi. Sindano haizidi vidonge kwa anayeweza kumeza. Artesuneti ya sindano ni ya malaria kali, na hufuatiwa na dozi kamili ya vidonge. Chai ya artemisia na mwarobaini uliochemshwa havina kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo. Tu Youyou alipata Nobeli mwaka 2015 kwa artemisinini iliyotolewa na kusafishwa kutoka kwenye mmea, wala si kwa birika la majani. Kipimo cha haraka kinachobaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba pia hakithibitishi kwamba dawa imeshindwa, kwani husoma protini inayochelewa kutoka mwilini. Darubini ndiyo inayofaa kupima upya.

Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza: aliyeanza saa kumi jioni huamshwa saa sita usiku. Kisha ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Idadi ya vidonge vya mtoto hufuata uzito wake. Anayetapika ndani ya saa moja hurudia dozi hiyo, na akitapika tena hurudi kituoni. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia rifampisini au efavirenzi hulisema hilo kabla ya kupewa dawa. Degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho ya manjano au kushindwa kunywa ni safari ya hospitali mara moja.

Duka linalokata pakiti na kuuza nusu dozi halimsaidii mwenye pesa kidogo. Linamuuzia ugonjwa wa wiki ijayo. Mgonjwa apimwe, anunue pakiti nzima, ale, na aimalize.