KUPIMA KURIDHIKA KWA WATU JUU YA UONDOAJI WA MAJI MACHAFU

Ni desturi yetu mtu akiulizwa hali kujibu, "Njema," kisha ndipo aeleze ugonjwa wake. Adabu hii ni nzuri, lakini yaweza kumpoteza mtu apimaye kazi ya watumishi wa umma. Akipita nyumbani na kuuliza, "Je, mmeridhika na uondoaji wa maji machafu?" ataambiwa, "Ndiyo, bwana," naye ataandika ya kuwa mambo ni mema, huku shimo la choo limejaa.

Basi yapasa kuuliza kwa njia nyingine. Mwaka wa 1993 wenyeji wa mji wa Bangalore, huko Bara Hindi, waliulizwa habari za ofisi zilizowahudumia, na majibu yakatungwa mfano wa ripoti ya mwanafunzi, kila ofisi ikipata alama zake. Kipimo hicho kilirudiwa mwaka wa 1999 na wa 2003, hata ikaonekana wazi ni ofisi zipi zilizoendelea. Mwaka wa 2007 ripoti ya namna hiyo ilitolewa katika Kenya, juu ya maji na usafi katika Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Jambo la kwanza ni nani wa kuulizwa. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha ya kwamba katika Kenya nzima karibu nyumba 1 tu katika kila 10 iliunganishwa na bomba kuu la maji machafu. Wakiulizwa wenye bomba peke yao, wale tisa hawatasikika. Katika nchi ya mashamba kama Kibirichia, mlimani Meru, choo cha shimo ndicho cha kuulizia habari. Nao wapangaji wa sokoni waulizwe pamoja na wenye nyumba, na wanawake pamoja na wanaume.

Jambo la pili ni maswali yenyewe. Yaulize mambo yaliyotendeka: Choo kilijaa lini? Nani alikitapisha, na kwa shilingi ngapi? Uchafu ulipelekwa wapi? Mlipopeleka malalamiko, mlijibiwa baada ya siku ngapi? Swali la tatu ndilo zito kupita yote. Maji ya mlimani huteremka. Uchafu uliomwagwa karibu na kijito utawafikia wakaao chini, nao watapata kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu, ingawa aliyeumwaga ameridhika kabisa.

Mwisho, majibu yasifungiwe kabatini. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 champa kila mtu haki ya kupata usafi wa kiasi kifaacho. Kwa hiyo yasomwe barazani mbele ya wale waliojibu, na baada ya mwaka maswali yale yale yaulizwe tena. Hapo kila mmoja ataona kama kazi imesonga mbele au imesimama.