Ho Bryan: divai ya Bordeaux katika sikio la Mwingereza

Tarehe 10 Aprili 1663, Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mjini London, alionja divai ya Ufaransa katika kilabu kiitwacho Royal Oak. Ladha yake ilimpendeza, naye akaandika jina lake katika shajara: Ho Bryan. Divai hiyo ni Haut-Brion, ambayo hadi leo hutengenezwa Pessac, kando ya mji wa Bordeaux.

Wapenzi wa divai hucheka tahajia hiyo. Sisi wa fonolojia tusiicheke, maana Pepys aliandika alichosikia. T ya *haut* haipo kwa sababu haikutamkwa. Irabu ya puani ya *Brion* haipatikani katika Kiingereza, basi akaigeuza kuwa irabu ya kawaida yenye n kamili, na mara likatokea Bryan, jina la mtu alilolizoea. H ndiyo tusiitegemee sana: pengine aliisikia, pengine ni mazoea ya kuandika. Hata katika Kifaransa ni mgeni. Kilatini kilisema *altus*, bila h. Sauti hiyo iliingia kwa mvuto wa neno la Kijerumani cha kale lenye maana ile ile.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu maandishi mengi ya zamani kuhusu lugha zetu yalipitia masikio ya namna hiyo. Wareno walisikia *nzadi*, yaani mto, wakaandika Zaire. Tukiyatupa maandishi hayo kwa kuwa "yamekosewa", tunatupa ushahidi ambao hatuna mwingine.

Turudi kwenye shamba. Wakati huo divai nyekundu za Bordeaux ziliuzwa London kwa jina moja tu la jumla, *claret*. Familia ya Pontac, wenye shamba, iliuza yake kwa jina lake yenyewe, na baada ya moto mkubwa wa 1666 ikafungua huko nyumba ya chakula iliyoitwa Pontack's Head. Jina likawa na bei. Mwaka 1677 mwanafalsafa John Locke alikwenda kutazama shamba lenyewe, akakuta mchanga na changarawe, udongo ambao mkulima wa mahindi angeukimbia. Mizabibu huupenda, kwani maji hayatuami. Katika orodha ya daraja ya 1855, Haut-Brion iliwekwa daraja la kwanza, nayo ndiyo divai nyekundu pekee iliyotoka nje ya eneo la Médoc.

Na neno letu *divai*? Nalo ni kazi ya sikio. Mfaransa alisema *du vin*, msikilizaji akachukua kiambishi na nomino kama neno moja. Mvinyo, kutoka *vinho* ya Wareno, ulipata m- na wingi wake, mivinyo. Divai ilibaki katika ngeli ya N. Irabu ya puani tuliivua upua wake ikawa -ai, mahali ambapo Pepys aliongeza n.