Mtoto mweusi tumboni avuka mipaka

Desemba 2021, mchoro wa kompyuta wa Chidiebere Ibe, raia wa Nigeria, ulisambaa duniani: mtoto mweusi ndani ya tumbo la mama mweusi. Wengi walisema hawajawahi kuona picha ya namna hiyo, kwani vitabu vya udaktari huonyesha zaidi watu weupe.

Suala si sura tu. Wekundu unaoonekana wazi kwenye ngozi nyeupe hufichika kwenye ngozi nyeusi, na daktari aliyezoea picha za upande mmoja anaweza kuukosa ugonjwa.

Ibe alijifundisha kuchora mwenyewe. Kazi yake haikupanda lori wala kusubiri forodha. Ilivuka mipaka kwa intaneti, ikabeba hitaji la wagonjwa waliosahaulika vitabuni.