Mbingu ndani ya tufe

Mmewahi kuingia ndani ya tembe saa sita mchana? Nje jua la Dodoma linawaka, ndani giza, maana kuta za udongo na masizi ya miaka humeza mwanga. Mwali ukipenya tunduni, huangaza palepale unapoangukia. Sasa ipakeni nyumba hiyo chokaa kila mahali, kuta, dari, hata sakafu. Mwali uleule utarushwa na ukuta huu hadi ule, ule nao uurudishe, mpaka chumba kizima king'ae.

Mwaka 1900, mji wa Dodoma ukiwa bado haujajengwa, mhandisi Mjerumani Richard Ulbricht alieleza jinsi tufe lenye uwazi, jeupe kwa ndani, linavyouchanganya mwanga namna hiyo. Yeye alitaka kupima taa tu. Leo tufe lake hutumika kutengeneza mbingu.

Mbingu ya nini, na tunayo ya bure? Haya, sikilizeni. Setilaiti ya Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, hupita kilomita 705 juu yetu kila baada ya siku 16, mnamo saa nne asubuhi. Haigusi uwele wala zabibu za Hombolo. Husoma mwanga unaorudi kutoka shambani. Jicho lake likikosea, uwele wenye afya utaonekana umenyauka. Basi lazima lipimwe, kama mizani inavyopimwa kwa jiwe la kilo. Ila mwanga wa nje si jiwe la kilo: wingu hupita, vumbi la kiangazi hupanda, jua husogea.

Ndiyo maana, kabla ya safari, jicho hilo liliwekwa mbele ya tundu la tufe. Taa hujificha ndani, mwanga hugongagonga weupe mara nyingi, kisha hutoka tunduni umetulia, sawasawa kila upande. Ukizima taa moja, unajua umepunguza kiasi gani.

Tatizo ni rangi. Taa za waya wa tungsteni zina wekundu mwingi na bluu kidogo, ilhali anga ni bluu kwa kuwa hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu. Maabara nyingine huongeza taa za zenoni au vichujio. Hapo mimi hucheka: bluu anayoiona bure kila mbuzi wa Chamwino, wataalamu wanaihangaikia kwa vioo na umeme!

Tufe lenyewe lilibaki duniani. Huko juu, Landsat 8 hujipima kwa kibao cheupe kinachomulikwa na jua, na mara moja kwa mwezi huugeukia Mwezi, ambako hakuna wingu la kupita.