Kasiteriti ya Kyerwa mbele ya almasi ya Mwadui
Ukitoka Kanazi kwenda Kyerwa kwa njia ya Bukoba mjini na Kyaka, unayaacha nyuma mawe ya mchanga yaliyotanda chini ya Bukoba, unaingia kwenye miamba mikongwe zaidi. Karibu miaka bilioni moja iliyopita miamba hiyo ilipenywa na itale iliyopanda ikiwa uji wa moto, na bati likaja nayo. Wachimbaji wadogo wa Kyerwa hulitafuta kwenye mishipa ya kwatzi na kwenye kokoto za mabondeni. Wakiosha, mchanga mwepesi huondoka na maji. Kinachobaki chini ya karai ni mawe meusi mazito. Hiyo ndiyo kasiteriti, na karibu asilimia 79 ya uzito wake ni bati.

Wengi wanaijua kama mali ya kuyeyushwa tu. Ni kweli kwamba ile ya Kyerwa kwa kawaida ni nyeusi au kahawia iliyokolea, nayo huishia tanurini. Lakini kasiteriti angavu ipo, hasa ya Bolivia, na ikichongwa hutoa cheche za rangi kuishinda almasi.

Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake inapoingia kwenye jiwe. Kadiri nyekundu na zambarau zinavyoachana ndivyo cheche zinavyozidi. Kwa almasi kipimo cha kuachana huko ni 0.044, kwa kasiteriti ni 0.071. Hata hivyo, mnunuzi wa pete hahesabu cheche peke yake. Almasi hupinda mwanga kwa kipimo cha 2.42, kwa hiyo hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga ulioingia. Kasiteriti iko kati ya 2.00 na 2.10, na ule ukahawia wake humeza mwingi kabla haujatoka.

Kwa nini kasiteriti ina vipimo viwili? Kwa sababu huugawa mwanga mmoja kuwa miwili. Shika lenzi ya kukuza mara kumi, tazama kupitia uso wa juu wa jiwe hadi kwenye kingo za chini: kila ukingo utauona mara mbili, mistari miwili sambamba. Kwenye almasi ukingo ni mmoja. Geuza jiwe utazame pande kadhaa, maana kasiteriti ina upande mmoja ambao mistari hiyo haiachani.

Kwa ugumu hakuna mashindano. Katika skeli ya Mohs almasi ni 10, kasiteriti ni 6 hadi 7. Vumbi la barabarani huwa na chembe za kwatzi, yenye ugumu wa 7, kwa hiyo pete ya kasiteriti ikivaliwa kila siku huchakaa kingo. Ila usiipige almasi nyundo kwa kuijaribu! Haikwaruziki kirahisi, lakini hupasuka kwa urahisi kufuata pande nne za muundo wake. Almasi ya waridi iliyopatikana katika mgodi wa Mwadui mwaka 1947, iliyokuwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa na 23.6 baadaye, nayo ingevunjika kwa pigo moja baya.

Kwa jiwe lisilofungwa kwenye pete, mizani husema mengi. Almasi ina uzito mara 3.52 ya maji ya ujazo uleule, kasiteriti karibu mara 7. Jiwe lenye umbo na ukubwa wa almasi ya karati moja, likiwa kasiteriti, litakaribia karati mbili. Mizani hiyohiyo huiumbua zirkonia, jiwe la kiwandani la kuigiza almasi, ambayo huishinda lenzi kwa kuwa nayo haigawi mwanga: yenyewe huzidi mara 5.5.