Kijiji cha Lynmouth na Mto Wake

Fungueni ramani ya Uingereza, mtazame kusini-magharibi, katika jimbo la Devon. Hapo pwani, chini ya majabali, pana kijiji kiitwacho Lynmouth, maana yake mlango wa mto Lyn. Na neno Lyn, katika lugha ya kale ya Waingereza, ni maji yaendayo kwa nguvu. Likumbukeni jina hilo.

Mito miwili, Lyn wa Mashariki na Lyn wa Magharibi, hutoka katika nchi ya juu iitwayo Exmoor. Hushuka kwa kasi katika mabonde membamba, hukutana kijijini, kisha huingia baharini.

Zamani wenyeji walikuwa wavuvi. Baadaye wakaja wageni wa kupumzika, na mwaka 1890 ikafunguliwa reli ya kupanda jabali mpaka mji wa Lynton, ulio juu karibu futi 500. Reli hiyo huendeshwa kwa uzito wa maji: behewa la juu hutiwa maji, likashuka na kulivuta la chini. Wageni walipozidi, nyumba nazo zilizidi. Mto wa Magharibi ukabanwa katika njia nyembamba, ili watu wapate mahali pa kujenga.

Sasa sikilizeni. Tarehe 15 Agosti 1952, ardhi ya Exmoor ilikuwa imekwisha kushiba mvua za siku nyingi. Ikanyesha mvua nyingine, kiasi cha inchi 9 kwa saa 24. Ardhi haikuweza kunywa zaidi. Usiku maji yakateremka na miti na mawe makubwa, yakaziba madaraja, yakajaa nyuma yake. Madaraja yalipovunjika, maji yote yakashuka kwa pamoja. Mto ukairudia njia yake ya zamani, na humo mlikuwa na nyumba za watu. Gharika ile iliua watu 34 kijijini na sehemu za jirani. Zaidi ya watu 400 walikosa makao.

Walipojenga upya, hawakuubana mto tena. Waliupanua, wakauachia nafasi yake.

Basi, ndugu, kabla ya kuchimba msingi wa nyumba, waulize wazee: zamani maji yalipita wapi?

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini ardhi haikunywa mvua ya Agosti 15?
2. Madaraja yaliongezaje hatari?